Kutoka Georgetown hadi St. Louis, kwa Nyayo za The Exorcist

Prospect Street, Georgetown

Mwishoni mwa Oktoba mashabiki wa The Exorcist humiminika Georgetown, mtaa wa kale wa Washington ulio kando ya Mto Potomac. Huja wamevaa makoti meusi na kola za kipadri, wakiwa na mabegi ya ngozi mkononi, na baadhi yao wamejichora mikwaruzo usoni. Jioni niliyofika, kundi lao lilikuwa limesimama kwenye kona ya Prospect Street na Barabara ya 36, likichungulia ngazi ya mawe nyembamba iliyobanwa na kuta pande zote mbili. Ngazi hiyo ina vidato 75. Inateremka kwa mkupuo mpaka M Street, kwenye kelele za magari yanayowania kuingia Daraja la Key.

Ilijengwa mwaka 1895, wakati jengo la jirani, Car Barn, lilipokuwa likiandaliwa kuwa karakana ya tramu. Kwa miongo mingi watu waliitumia kama njia ya mkato tu, ingawa giza lake liliwafanya wenyeji waipe jina la Hitchcock, mwongozaji wa filamu za wasiwasi. Mwaka 1972 mwongozaji William Friedkin alifika hapa na kamera zake, na jina la Hitchcock likafifia.

Kwa asiyeijua filamu, kisa chake ni hiki. Mwigizaji maarufu, Chris MacNeil, amepanga nyumba Georgetown pamoja na binti yake Regan, mwenye umri wa miaka 12. Mtoto anaanza kubadilika: kitanda kinatikisika, sauti inageuka, matusi yanamtoka. Madaktari wanampima kila kipimo bila kupata jibu. Mama asiye na dini anaishia kubisha hodi kwa Padri Karras, Mjesuiti na daktari wa magonjwa ya akili ambaye imani yake yenyewe inayumba. Karras anasaidiwa na mzee Merrin, padri mwenye uzoefu wa kufukuza pepo. Merrin anafia chumbani mwa mtoto. Karras anamwita pepo amwingie yeye, kisha anajirusha dirishani na kubingirika ngazi nzima mpaka chini.

Tukio hilo ndilo linalowaleta watu hapa. Vidato vilifunikwa mpira ili mwigizaji wa hatari asivunjike, naye akaanguka mara mbili mbele ya kamera. Wanafunzi wa chuo jirani waliona biashara: inasimuliwa kuwa waliwatoza watu dola tano hivi kila mmoja kwa kuangalia kutoka juu ya mapaa. Nyumba yenyewe ya matofali bado ipo kwenye kona, nayo ni makazi ya watu. Anayeitazama kwa makini hugundua jambo linalowasumbua wageni wote: dirisha liko mbali na ngazi. Hata mwanariadha asingeweza kuruka umbali huo. Friedkin alilitatua kwa kujenga ubavu wa bandia upande wa nyumba, ukalisogeza dirisha mpaka kwenye ukingo wa ngazi. Vyumba vya ndani vilijengwa studio mjini New York, na chumba cha Regan kilipoozwa kwa mitambo hadi pumzi za waigizaji zikaonekana kama moshi.

Tarehe 30 Oktoba 2015 Meya Muriel Bowser alizindua hapa kibao cha kumbukumbu, Friedkin akiwepo pamoja na William Peter Blatty, mwandishi wa riwaya na wa mswada wa filamu. Blatty alifariki Januari 2017, Friedkin akafuata Agosti 2023. Ubishi waliouacha haujafariki.

Nani alishinda, padri au shetani? Hilo ndilo swali lililokuwa likirushwa ngazini jioni ile. Mzee mmoja aliyeiona filamu mwanzoni mwa 1974, baada ya kupanga foleni kwenye baridi kali, alishikilia kwamba watu wa wakati wake walitoka ukumbini wakiamini shetani ameshinda: mapadri wawili wamekufa, mtoto amebaki na makovu. Kijana aliyevaa kola ya kipadri akambishia. Kwake Karras ameutoa uhai wake kwa ajili ya mtoto wa mwingine, na hakuna ushindi mkubwa kuliko huo.

Blatty angekuwa upande wa kijana. Aliandika kitabu cha imani, akaudhika kuona watazamaji wengi wamekisoma kinyume. Friedkin alikuwa amekata mazungumzo ambamo Merrin, akipumzika kwenye ngazi ya ndani ya nyumba, anaeleza kwamba shabaha ya pepo si yule mtoto. Shabaha ni wale wanaomtazama, wakate tamaa na kujiona wanyama wasiostahili kupendwa. Mwongozaji aliona filamu haipaswi kujieleza. Mwaka 2000 alikubali kuyarudisha maneno hayo katika toleo jipya, pamoja na tukio la Regan kuteremka ngazi kinyumenyume kwa mikono na miguu. Tangu hapo mashabiki wana kambi mbili, ya 1973 na ya 2000, na kila kambi huiona nyingine imeharibiwa ladha.

Wakati wakibishana, watu wenye viatu vya mazoezi walikuwa wakipanda na kushuka ngazi hiyohiyo, visikizi masikioni, bila kumtazama yeyote.

Chuo Kikuu cha Georgetown

Asubuhi iliyofuata kundi lilihamia chuoni, hatua chache kutoka ngazini. Georgetown ilianzishwa mwaka 1789 na ndiyo chuo kikuu cha Kikatoliki cha kwanza nchini Marekani. Minara ya Healy Hall, jengo la mawe ya kijivu, inaonekana tangu ng'ambo ya mto. Mbele yake ndipo Chris MacNeil anapoigiza, ndani ya filamu, filamu nyingine kuhusu maandamano ya wanafunzi. Nyuma yake kuna kanisa dogo la Dahlgren, la mwaka 1893, ambamo sanamu ya Bikira Maria inakutwa imenajisiwa. Siku ile maharusi walikuwa wakipigwa picha mlangoni, na mashabiki wakasubiri zamu yao kwa adabu.

Blatty, mtoto wa wahamiaji kutoka Lebanon, alisoma hapa kwa ufadhili na kuhitimu mwaka 1950. Mwalimu wake mmoja, padri wa Kijesuiti, alizungumza darasani juu ya mvulana wa Maryland aliyedaiwa kupagawa mwaka uliotangulia. Habari ikamkaa kichwani kwa miaka 20. Katikati ya hapo aliandika vichekesho, na mwaka 1961 alishinda dola 10,000 kwenye kipindi cha televisheni cha Groucho Marx. Riwaya ilitoka 1971, filamu ikafuata tarehe 26 Desemba 1973. Filamu ilipata uteuzi wa Oscar mara kumi, ikiwa filamu ya kwanza ya kutisha kuwania tuzo ya filamu bora. Ilipata mbili: ya mswada na ya sauti.

Tuzo ya sauti haikuwa ya bahati. Sauti ya pepo ni ya mwigizaji Mercedes McCambridge, ambaye alimeza mayai mabichi, akavuta sigara na kunywa wiski ili koo likwaruze. Jina lake halikuwekwa kwenye filamu ilipotoka; ilibidi alipiganie. Linda Blair, binti aliyeigiza Regan, alipokea sifa zote za awali. Nalo yowe la Ellen Burstyn anapotupwa sakafuni si la kuigiza: kamba aliyofungwa ilivutwa kwa nguvu mno na mgongo wake ukaumia. Friedkin alilitumia yowe hilo. Mashabiki husimulia kisa hicho kwa kujivuna, kisha mmoja wao huuliza kama filamu nzuri inastahili gharama hiyo, na mjadala mwingine huanza.

Chuo kina historia yake inayotisha zaidi ya filamu, na mwongoza matembezi hakuificha. Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland waliuza watu 272 waliokuwa watumwa wao, wakapelekwa Louisiana, na sehemu ya fedha ikalipa madeni ya chuo. Jengo lililokuwa na jina la padri aliyepanga mauzo hayo sasa linaitwa Isaac Hawkins, mtu ambaye jina lake ni la kwanza kwenye hati ya mauzo. Healy naye, ambaye jengo kuu linabeba jina lake, alizaliwa Georgia mwaka 1834 kwa mama mtumwa, akaja kuwa rais wa chuo hikihiki kuanzia 1874. Wanafunzi wengi wa zama zake hawakujua asili yake. Mwanamke mmoja kundini, mwalimu wa historia kutoka Baltimore, alisema kwake hii ndiyo nyumba yenye pepo, na hakuna aliyecheka.

Blatty mwenyewe hakufa akiwa na amani na chuo chake. Mwaka 2013 alipeleka malalamiko Vatikani akidai Georgetown imeacha Ukatoliki wake.

Usiku wa Halloween chuo huonyesha The Exorcist, desturi inayorithiwa na kila kizazi cha wanafunzi. Vijana walikaa na mablanketi, chokoleti na juisi ya tufaha ya moto yenye mdalasini. Walicheka mahali ambapo babu zao walizimia. Walishangilia kila jengo la chuo lilipotokea. Ilipofika tukio la hospitali, ambapo Regan anachomwa sindano shingoni na damu inaruka, kicheko kilikatika. Hiyo ndiyo hoja inayowaunganisha mashabiki wa kambi zote: sehemu inayoumiza zaidi haina pepo ndani yake, ina mashine, madaktari waungwana na mtoto anayelia. Saa sita za usiku umati ukaelekea kwenye makaburi ya Wajesuiti ndani ya chuo, ukaubwekea mwezi kwa sauti za mbwa mwitu, ukatawanyika kwenda kulala.

Cottage City na Mount Rainier, Maryland

Kisa cha kweli kilianzia upande wa pili wa mji. Tarehe 20 Agosti 1949 gazeti la Washington Post lilichapisha habari ya mvulana wa miaka 14 wa Mount Rainier aliyetolewa pepo na mapadri. Mount Rainier ni mji mdogo unaopakana na Washington kwa kaskazini mashariki, wenye nyumba za mbao zenye vibaraza na miti mikubwa ya mwaloni. Novemba ilipoanza, majani yake yalikuwa yamefunika njia za miguu.

Kwa miongo kadhaa vijana walikuwa wakija usiku kwenye kiwanja fulani cha hapa, wakithubutishana kukanyaga palipokuwa na nyumba ya mvulana. Kumbe walikuwa wakitishwa na kiwanja kisicho na hatia. Mwaka 1999 mtafiti Mark Opsasnick alifuatilia kumbukumbu na kuwahoji majirani, akaonyesha kwamba familia iliishi Cottage City, kitongoji cha jirani. Aliyabomoa pia masimulizi mengine yaliyozoeleka, na picha aliyobaki nayo ilikuwa ya kijana mpweke, mkorofi, aliyeandamwa na huzuni baada ya kufiwa na shangazi yake mpenzi.

Shangazi huyo alikuwa amemfundisha kucheza na ubao wa Ouija, ule wa herufi unaodaiwa kuzungumza na wafu. Karibu na wakati wa kifo chake, mapema 1949, ikasemekana kuta zinakwaruzwa na kitanda kinatikisika. Familia ilikuwa ya Kilutheri. Mchungaji wao ndiye aliyeshauri waende kwa Wakatoliki. Blatty alipotaka kuandika habari hii kama ilivyotokea, padri aliyeongoza ibada alimwomba amlinde kijana. Ndiyo maana mvulana wa Maryland akawa msichana wa Georgetown.

Cottage City haina kibao wala duka la kumbukumbu. Kundi lilipita barabarani bila kusimama, kwa makubaliano, kwa kuwa ni majumba ya watu.

Jioni hiyo dada mmoja wa Tanga, mkazi wa Silver Spring kwa miaka mingi, aliwakaribisha baadhi yetu kwake. Alipika kaa wa Ghuba ya Chesapeake kwa tui la nazi na pilipili, badala ya kuwapika kwa mvuke na unga wa viungo vya Old Bay kama wafanyavyo watu wa Maryland, na wageni wakala mpaka magamba. Baada ya chakula filamu ikawekwa, na yeye akaiangalia kwa jicho la mtu aliyekulia karibu na vilinge.

"Kaka, hawa wanamfukuza mgeni bila kumuuliza shida yake," aliniambia Merrin alipoanza kunyunyiza maji ya baraka.

Ikabidi awaeleze wenzake. Pwani kwetu, mgonjwa akipandisha, mganga hafungui kwa amri ya kutoka. Anafukiza ubani na udi, ngoma inapigwa, na pepo anaulizwa jina lake, kwao wapi na anataka nini. Mmoja atadai pete, mwingine nguo nyekundu, mwingine sinia la vyakula na marashi. Kuna pepo wa kupungwa akaondoka, na kuna anayepatanishwa na mwenye mwili, wakaishi pamoja kwa masharti. Masheikh na wachungaji wengi wanaupinga utaratibu huo, na wao husoma visomo au sala za kumtoa moja kwa moja.

Mashabiki walinyanyuka vitini. Katika filamu, Karras anamwambia Merrin kwamba ametambua nafsi tatu tofauti ndani ya mtoto. Merrin anamkata kauli kwamba yuko mmoja tu. Onyo lake kuu ni kutokubali mazungumzo na pepo, kwa sababu anachanganya uongo na ukweli. Dada akasema hapo ndipo wazee wale walipokosea, na kwamba fundi wa kwao angemaliza kazi bila mtu kupita dirishani. Kijana wa kola akajibu kwamba kupatana na shetani ndiko kushindwa kwenyewe. Walibishana hadi chai ya tangawizi ikapoa, na kambi za 1973 na 2000 zikasahauliwa kwa muda.

St. Louis, Missouri

Familia ya mvulana ilikuwa na ndugu St. Louis, na shajara ya padri aliyeshuhudia inasema jina la mji huo lilitokea kama mikwaruzo kwenye ngozi yake. Machi 1949 wakasafiri. Anayefika leo hupokelewa kwanza na tao la chuma lenye urefu wa mita 192 kando ya Mississippi, lililokamilika 1965, ambalo mapadri wale hawakuliona walipokuwa wakihangaika.

Binamu ya mvulana alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha St. Louis, naye akamweleza mwalimu wake, Padri Raymond Bishop. Bishop ndiye aliyeandika shajara. Askofu mkuu Joseph Ritter akatoa kibali, na kazi akakabidhiwa Padri William Bowdern, paroko wa Kanisa la Mtakatifu Fransisko Ksaveri, ambalo wenyeji huliita College Church. Kanisa hilo la mawe lipo mpaka leo. Ndani palikuwa na waumini wachache wa misa ya mchana, harufu ya nta na mwanga wa bluu wa vioo vya rangi. Hakuna kitu chochote kinachomtangaza Bowdern kwa mashabiki.

Ibada ziliendelea usiku baada ya usiku, kwanza katika nyumba ya ndugu kwenye kitongoji cha Bel-Nor, halafu katika hospitali ya Mabruda wa Alexian upande wa kusini wa mji. Walifuata kitabu cha ibada cha Kirumi cha mwaka 1614. Miongoni mwa wasaidizi alikuwa Walter Halloran, kijana aliyekuwa bado masomoni kuwa padri, mwenye mwili wa mchezaji wa mpira, aliyepewa kazi ya kumshika mvulana asijiumize. Tarehe 18 Aprili 1949, Jumatatu ya Pasaka, yakaisha. Kwa mujibu wa shajara, mvulana alisema amemwona Malaika Mikaeli.

Hospitali ile ya zamani ilibomolewa mwaka 1978. Mashabiki walisimama mbele ya majengo mapya, wakapiga picha moja ya kumbukumbu, wakatafuta chakula. St. Louis ina vyakula ambavyo haioni haya kuvitetea: ravioli zilizokaangwa na kuchovywa kwenye mchuzi wa nyanya, na keki yenye siagi nyingi kiasi cha kunata kijikoni. Baadaye tukaenda Ted Drewes, kwenye barabara ya kale ya Route 66, ambako askrimu nzito hugeuzwa kikombe juu chini mbele ya mteja athibitishe kwamba haimwagiki.

Kwenye mabenchi ya pale ndipo swali la ngazini lilipofufuka, safari hii likiwa na ushahidi mpya. Bowdern hakufa akipambana na pepo. Aliishi hadi 1983. Mvulana alipona, akakua na kuishi maisha marefu ya faragha. Halloran akawa padri, akaenda Vietnam na askari wa miavuli, na alipoulizwa uzeeni kama alichokiona kilikuwa pepo, alisita kutoa hukumu. Mzee wa foleni ya 1974 akaona hilo linampa haki: hata aliyemshika mtoto kwa mikono yake hakuapa. Mwalimu wa Baltimore akasema habari ya kweli ina mwisho ambao Blatty aliutamani na filamu haikumpa. Kijana wa kola, mdomo umejaa askrimu, akauliza mbona basi Blatty aliwaua mapadri wote wawili kwa kalamu yake mwenyewe.

Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka, kwa hiyo wakahamia kwenye safari ijayo. Filamu inaanzia Iraki, kwenye magofu ya Hatra karibu na Mosul, ambako Friedkin alimpiga picha Merrin akikabiliana na sanamu ya pepo Pazuzu. Wapiganaji wa Dola la Kiislamu waliharibu sehemu ya magofu hayo mwaka 2015, na sasa wageni wameanza kurudi. Wawili walitaka waende msimu wa machipuko kabla ya joto kali. Mzee akasema atakwenda kwa sharti moja, kwamba toleo litakaloangaliwa njiani liwe la 1973.